Ole Evinrude, Fundi Aliyepumzisha Makasia

Sisi wa Iramba twalijua ziwa letu la Kitangiri, lipokealo maji ya Wembere na kuyapeleka Eyasi kwa mto Sibiti. Twajua pia kazi ya kasia: mabega huuma, viganja huota sugu, na upepo ukigeuka safari ya saa moja huwa ya saa tatu. Lakini mwenzetu atokaye Mwanza au Kigoma atatueleza habari za mitumbwi mikubwa iendayo kwa injini iliyopachikwa tezini, mvuvi ameshika usukani kwa mkono mmoja tu. Injini za namna hiyo zilienea duniani kwa juhudi za mtu mmoja aliyeacha darasa akiwa mtoto wa miaka kumi. Jina lake ni Ole Evinrude.

Ole alizaliwa Norwe mwaka 1877. Alipokuwa na miaka kama mitano wazazi wake walihamia Marekani, wakalima shamba karibu na ziwa dogo liitwalo Ripley, katika jimbo la Wisconsin. Majimbo yale ya kaskazini yalijaa watu waliotoka Norwe na Uswidi. Kutoka kwa watu wa asili ya Uswidi walioko Marekani ndiko lilikotoka Kanisa la Kilutheri la Augustana, ambalo wamisionari wake wazee wetu waliwaona hapa Kiomboi wakijenga na kutibu wagonjwa.

Ole hakupata masomo mengi, maana shamba lilihitaji mikono. Lakini hesabu na vyombo vya chuma vilimvuta kuliko jembe. Yasimuliwa kwamba aliunda mashua kwa siri, na baba yake alipoiona akaiharibu, kwa kuwa alitaka mkulima na si baharia. Kijana hakubishana na mzee wake. Alisubiri, akaunda nyingine, na hiyo ikaelea vizuri hata watu wakalipa ili wapandishwe. Baba akaelewa kwamba mtoto wake ana kipawa, akamwacha aende.

Basi alipokuwa na miaka 16 Ole alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Madison, akaingia kazi katika karakana. Mchana alifanya kazi, usiku alisoma vitabu vya uhandisi. Akazunguka katika viwanda vya miji mikubwa, Pittsburgh na Chicago, akijifunza chuma na mashine. Mwisho akakaa Milwaukee, akawa fundi wa kuchonga vielelezo vya mbao vinavyotumika kusubia vyuma. Kazi hiyo yataka jicho kali, kwa sababu kosa dogo katika mbao huwa kosa kubwa katika chuma.

Huko Milwaukee alikutana na Bess Cary, msichana hodari wa hesabu na barua. Ole alikuwa fundi asiyejua biashara. Bess alikuwa na akili ya biashara. Wakaoana mwaka 1906. Yasimuliwa kwamba siku moja ya joto kali walikwenda na rafiki zao kupumzika kando ya ziwa Okauchee. Bess akatamani aiskrimu, nayo ilikuwa ikiuzwa ng'ambo. Ole akashika makasia, akavuka kadiri ya maili mbili na nusu, akanunua, akarudi. Alipofika aiskrimu imekuwa maji. Jasho lilikuwa limemtoka bure, na fundi hapendi jasho la bure.

Mwaka 1909 alimaliza injini yake. Bess alipoiona kwa mara ya kwanza aliilinganisha na chombo cha kusagia kahawa. Ilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu, uzito wa ratili 62, yaani kilo 28 hivi, na iliuzwa dola 62. Haifai kusema kwamba yeye ndiye wa kwanza kabisa, maana Mmarekani mwingine, Cameron Waterman, alikuwa ameuza injini kama hizo kabla yake. Lakini ya Ole ilikuwa imara na rahisi kutumia. Rafiki mmoja aliazima ile ya kwanza, akarudi na maombi ya watu kumi waliotaka kununua. Bess akaandika matangazo, na barua zikaja kutoka nchi za mbali.

Hapa na tusimame kidogo tutazame sehemu moja ya injini ile, ambayo mpaka leo huwatatiza wengi. Ni rafadha, ambayo wavuvi huiita propela. Rafadha hufanya kazi kama parafujo. Ukizungusha parafujo mara moja katika ubao, huingia kiasi fulani. Kiasi hicho ndicho hatua yake. Rafadha yenye hatua ya inchi 11 ingesogeza chombo inchi 11 kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Kwa kuwa maji huteleza, chombo husogea pungufu ya hapo. Kwa kawaida rafadha huandikwa namba mbili: ya kwanza ni upana wa duara lake, ya pili ni hatua.

Watu wengi hudhani kwamba hatua kubwa ni mwendo mkubwa. Aliyepanda basi katika mlima Sekenke hawezi kudanganyika hivyo. Dereva akishikilia gia kubwa mlimani, injini huguna, hutetemeka, na mwisho huzimika. Hivyo ndivyo ilivyo injini ya mtumbwi uliojaa watu, nyavu na samaki ikifungwa rafadha ya hatua kubwa: haifikii mizunguko yake, hula mafuta mengi, hupata moto na kuchakaa upesi. Tena hatua ikiwa ndogo mno, ni kama gia ya kwanza katika barabara tambarare: injini hupiga kelele na kuzunguka kupita kiasi, wala mwendo hauongezeki.

Njia ya kuchagua si ngumu. Kitabu cha injini hueleza mizunguko inayotakiwa kwa dakika wakati mafuta yamefunguliwa yote. Kwa injini nyingi za siku hizi ni kama 5,000 hadi 6,000. Pakia chombo mzigo wake wa kila siku, kisha kijaribu majini kwa kipimo cha mizunguko. Mizunguko ikiwa pungufu, punguza hatua; ikizidi, ongeza. Kila inchi moja ya hatua hubadili mizunguko kama 150 hadi 200. Kosa kubwa ni kujaribu chombo kitupu, maana chombo kitupu hakimlishi mtu. Mvuvi akikosa hesabu hii, kila siku sehemu ya samaki wake huishia katika tangi la mafuta, na siku ya dhoruba injini iliyochoka yaweza kumwacha katikati ya ziwa.

Turudi kwa Ole. Biashara ilipostawi, afya ya Bess ilidhoofika kwa kazi nyingi. Mwaka 1914 Ole aliuza sehemu yake ya kampuni kwa mshirika wake, akaahidi kutoshindana naye kwa miaka mitano. Jina lake likabaki kiwandani, mwenyewe akaondoka ili mkewe apumzike. Wengi wangeshika mali. Yeye alimshika mwenzake.

Hata hivyo mikono yake haikulala. Muda ule ulipokwisha alikuwa amebuni injini mpya ya alumini, yenye nguvu za farasi watatu na uzito usiofika ratili 50. Alikwenda kwanza kwa yule mshirika wa zamani, naye akaikataa. Ndipo Ole na Bess wakaanzisha kampuni mpya, ELTO. Mwaka 1929 kampuni hiyo iliungana na ile ya kwanza, na Ole akawa mkuu wa zote. Bess alifariki mwaka 1933, na Ole akamfuata mwaka 1934, akiwa na miaka 57. Mtoto wao Ralph aliendeleza kazi. Injini zenye jina la Evinrude ziliacha kutengenezwa mwaka 2020, na katika maziwa yetu leo husikika zaidi zile za Japani. Lakini wazo ni lile lile.

Wasomaji, asiseme mtu kwamba Ole aliacha darasa akafanikiwa, basi nasi tuache. Ole hakuacha kusoma hata siku moja. Alikosa darasa tu, akalitafuta usiku kwa taa baada ya kazi. Sisi tumepewa darasa mchana, na walimu, na wazazi wanaouza mtama na alizeti ili tukae humu. Anayeona hesabu ya uwiano kuwa kitu kisicho na maana, na aende Kitangiri amtazame mvuvi anayevuta kasia dhidi ya upepo. Siku moja huenda mvuvi huyo akanunua injini, akahitaji mtu wa kumchagulia rafadha. Yafaa mtu huyo awe ametoka katika shule hii.