Isaac Newton na Kanuni Tatu za Mwendo

Isaac Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mtoto mwenyewe alikuwa mdogo mno hata watu hawakudhani ataishi. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mama yake aliolewa na kasisi wa parokia ya jirani, akamwacha kwa bibi yake. Mtoto aliumia sana moyoni. Mwaka 1662, akiwa mwanafunzi Cambridge, aliandika orodha ya dhambi zake, na mojawapo ni kwamba aliwahi kutishia kuwachoma moto mama na baba wa kambo pamoja na nyumba yao.

Mama alitaka awe mkulima, lakini kazi ya shamba ilimshinda. Mwaka 1665 chuo kilifungwa kwa sababu ya tauni, akarudi kijijini kuendelea na uchunguzi wake. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1687, na rafiki yake Edmond Halley ndiye aliyelipia uchapaji.

Kanuni zake tunaziona kila siku. Ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea vile vile, mpaka nguvu nyingine ikibadili. Ndiyo maana basi likifunga breki ghafula, abiria hutupwa mbele. Ya pili: kwa nguvu ile ile, kitu chepesi hubadili mwendo upesi kuliko kizito. Mkokoteni mtupu huondoka mara, wenye magunia huondoka polepole. Ya tatu: anayesukuma naye husukumwa. Ukiruka kutoka mtumbwini, mtumbwi hurudi nyuma.

Newton alisoma Biblia sana, lakini kwa siri hakukubali fundisho la Utatu, ingawa chuo chake kiliitwa kwa jina hilo. Sheria ilimtaka apewe daraja takatifu. Mwaka 1675 mfalme alimwondolea sharti hilo.

Alikuwa mgumu wa kusamehe, na magomvi yake na wataalamu wenzake yalijulikana. Hata hivyo, mama yake alipougua mwaka 1679, aliacha kazi zake akaenda kumwuguza, akikesha naye usiku hadi alipofariki.

Newton alikufa mwaka 1727, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.