Ilya Mechnikov: Aliyetaka Kufa Akagundua Ulinzi wa Uhai

Mwili wa mwanadamu ni ngome isiyokosa adui. Kila uchao viini visivyoonekana kwa macho huunyemelea kupitia pumzi, chakula na vidonda, na aghalabu hushindwa pasipo mwenye mwili kujua kwamba vita vimepiganwa. Tangu jadi watu waling'amua kuwa aliyeugua ndui akapona hapatwi tena na maradhi hayo, na chanjo ya Edward Jenner ya mwaka 1796 ilijengwa juu ya maarifa hayo. Hata hivyo, walilijua tokeo bila kukijua chanzo. Miongoni mwa waliolifumbua fumbo hilo ni Ilya Mechnikov, mwanazuolojia ambaye hakuwa daktari. La ajabu ni kwamba mtu huyu, aliyeuonyesha ulimwengu jinsi mwili unavyokataa kufa, mwenyewe alijaribu mara mbili kuyakatiza maisha yake.

Mechnikov alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkiv. Eneo hilo wakati huo lilikuwa chini ya Milki ya Urusi, na leo limo nchini Ukraine. Babake alikuwa afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme. Mamake, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi, ndiye aliyemtia moyo zaidi katika masomo. Inasimuliwa kuwa angali mtoto, Mechnikov alikuwa akiwahutubia ndugu zake na watoto wa jirani kuhusu mimea na wadudu, na walipochoka kusikiliza aliwalipa kwa pesa zake za matumizi ili wasiondoke. Katika Chuo Kikuu cha Kharkiv alimaliza masomo ya miaka minne kwa miaka miwili tu, akahitimu mwaka 1864. Baadaye alisafiri Ujerumani na Italia kuchunguza ukuaji wa viinitete vya wanyama wa baharini, kazi iliyompa yeye na rafikiye Alexander Kovalevsky tuzo mwaka 1867. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 22, alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa.

Nyota ya masomo ilimwakia, lakini nyumbani kiza kilikuwa kinatanda. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovitch. Bibi arusi alikuwa amedhoofishwa mno na kifua kikuu, hata ikabidi abebwe kitini hadi kanisani. Kwa miaka minne Mechnikov alihangaika kumtafutia tiba, akifundisha na kutafsiri vitabu ili apate gharama. Ludmila alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1873 katika kisiwa cha Madeira. Mumewe, aliyekuwa pia na ugonjwa wa macho uliomzuia kutumia hadubini, alikunywa dawa kwa nia ya kujiua, lakini akanusurika. Inasimuliwa kwamba katika siku hizo za huzuni, alipokuwa mjini Geneva, aliona kundi la wadudu wakiizunguka taa ya darajani. Akajiuliza ni vipi nadharia ya Darwin inavyoweza kuwahusu viumbe waishio kwa saa chache tu. Swali hilo likamrudisha katika ulimwengu wa walio hai.

Mwaka 1875 alimwoa Olga Belokopytova, msichana aliyependa sayansi na aliyekuja kuwa msaidizi wake wa maabara. Mwaka 1880 Olga aliugua homa ya matumbo, akawa mahututi. Ingawa alipona, Mechnikov alikuwa amekata tamaa tena. Moyo ulimsumbua, na chuo kikuu kilikuwa kimegeuka uwanja wa siasa. Mwaka 1881 alijidunga damu ya mgonjwa wa homa ya kurudiarudia, ugonjwa uenezwao na chawa, akiwaza kwamba kifo chake walau kitabainisha iwapo maradhi hayo huambukizwa kwa damu. Aliugua sana, akapona, na safari hii aliinuka akiwa na hamu mpya ya kuishi. Mwaka uliofuata alijiuzulu kazi ya chuo, akahamia pamoja na jamaa yake katika mji wa Messina, kisiwani Sicily.

Huko ndiko jambo kuu la maisha yake lilikotukia. Siku moja ya Desemba mwaka 1882, Olga na wadogo zake walikwenda kutazama sarakasi ya nyani waliofunzwa michezo. Mechnikov alibaki peke yake, akichunguza buu la kiti cha pweza kwa hadubini. Buu hilo ni angavu kama kioo, hivyo aliweza kuziona seli zake zikitembea huku na huku ndani ya mnyama aliye hai. Mara wazo likamjia. Kwa kuwa seli hizo hutembea na kumeza vitu, huenda kazi yake ni kumlinda mnyama dhidi ya wavamizi. Ikiwa ndivyo, basi mwiba ukichomekwa katika buu hilo, lisilo na mishipa ya damu wala neva, seli zingeuzingira upesi kama zifanyavyo katika kidole cha mtu aliyechomwa na kibanzi. Alitoka hadi bustanini, ambako wadogo wa mkewe walikuwa wameandaliwa mti wa Krismasi kwa mchenza mdogo, akachuma miiba kadhaa ya waridi na kuichomeka chini ya ngozi ya mabuu yake. Usiku huo hakupata usingizi. Alfajiri alipotazama, aliikuta miiba imezungukwa na umati wa seli.

Ili kuuelewa uzito wa tukio hilo, ni sharti ikumbukwe waganga wa wakati huo waliamini nini. Wengi waliuona wekundu na uvimbe wa jeraha kuwa madhara matupu. Aidha, baadhi yao walidhani seli nyeupe za damu ndizo zinazovibeba viini na kuvisambaza mwilini, maadamu vilionekana ndani yake. Mechnikov aliigeuza hoja hiyo juu chini. Viini vimo ndani ya seli kwa sababu vimemezwa. Uvimbe ni dalili ya jeshi lililofika vitani. Na usaha ni mabaki ya waliouawa wa pande zote mbili. Mjini Vienna, Profesa Carl Claus alimpendekezea jina la seli hizo, fagosaiti, litokanalo na maneno ya Kigiriki yenye maana ya seli zilazo. Mwaka 1884 Mechnikov alitoa ushahidi zaidi kutoka kwa kiroboto wa majini aitwaye Daphnia. Seli za mdudu huyo zilipowahi kuzila mbegu za kuvu zilizomvamia, alipona, zilipozidiwa, alikufa.

Umaarufu ulimrejesha Odessa mwaka 1886 kuongoza taasisi mpya ya bakteria, lakini cheo hicho kilikuwa mzigo wa miiba. Madaktari walimbeza kwa kuwa hakusomea udaktari, na chanjo ya kimeta iliyotolewa na wasaidizi wake ilipoua maelfu ya kondoo, lawama zilimwangukia. Mwaka 1888 alikimbilia Paris, ambako Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi iliyokuwa inafunguliwa mwaka huo. Huko alijulikana kama Élie Metchnikoff, na huko alidumu hadi kufa.

Hata Paris hapakuwa na amani ya fikra. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walitangaza kutoka Berlin kwamba mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au dondakoo hupata katika damu yake kitu cha kuibatilisha sumu hiyo. Zaidi ya hayo, seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, yaliweza kuhamisha kinga hiyo hadi kwa mnyama mwingine. Vitu hivyo ndivyo viitwavyo leo kingamwili. Kila kingamwili hushikamana na adui wake maalumu, na Paul Ehrlich aliulinganisha uhusiano huo na ule wa ufunguo na kufuli. Basi wanasayansi wakagawanyika kambi mbili. Kambi ya majimaji, yenye nguvu Ujerumani, ilishikilia kuwa kinga imo katika seramu. Kambi ya seli, yenye makao Paris, ilishikilia kuwa kinga ni kazi ya fagosaiti. Mwaka 1894 Richard Pfeiffer alionyesha viini vya kipindupindu vikipasuka ndani ya tumbo la mnyama aliyechanjwa, pasipo kumezwa na seli yoyote. Lilikuwa pigo zito.

Pigo zito zaidi lilitoka nyumbani mwake. Jules Bordet, kijana Mbelgiji aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Mechnikov, aligundua mwaka 1895 kwamba seramu yenyewe, nje ya mwili, huua bakteria kwa ushirikiano wa vitu viwili. Cha kwanza ni kingamwili, ambacho hustahimili joto. Cha pili huharibiwa na joto, na kimo katika damu ya kila mnyama hata asiyechanjwa. Matokeo hayo yaliipa nguvu kambi pinzani. Hata hivyo, yalichapishwa katika jarida la taasisi ileile ya Pasteur, na Bordet akaendelea na kazi yake katika maabara ileile. Mechnikov alikuwa mbishi asiyekubali kushindwa hoja upesi, lakini hakumziba mwanafunzi wake kinywa. Bordet alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Suluhu ilianza kuonekana mwaka 1903, pale Almroth Wright na Stewart Douglas wa London walipobaini kwamba kuna vitu katika seramu ambavyo hugandamana na bakteria na kuwafanya wamezwe kwa urahisi na seli nyeupe. Kumbe majimaji huandaa, na seli hula. Mwaka 1908 kamati ya Nobel iliwatunuku kwa pamoja Mechnikov na Ehrlich, mmoja kutoka kila kambi.

Wakati huohuo, swali jingine lilizuka: je, ulinzi waweza kumdhuru anayelindwa? Mwaka 1902 Charles Richet na Paul Portier walieleza kisa cha mbwa walionusurika dozi ya kwanza ya sumu ya mnyama wa baharini, kisha wakafa kwa dakika chache walipopewa dozi ndogo zaidi majuma kadhaa baadaye. Nako Vienna, Clemens von Pirquet na Béla Schick walieleza mwaka 1905 jinsi watoto waliodungwa seramu ya farasi walivyopata homa, upele na maumivu ya viungo. Huo ndio mzio, hali ya kinga kupita kiasi. Alexandre Besredka, mwanafunzi mwingine wa Mechnikov, alionyesha kwamba hatari hiyo yaweza kupunguzwa kwa kutanguliza dozi ndogondogo. Tena, mzio nao ulikuja kuwapa wafuasi wa seli haki yao: mwaka 1942 Karl Landsteiner na Merrill Chase walithibitisha kuwa mzio wa aina ichelewayo kutokea, kama ule wa kipimo cha kifua kikuu ngozini, hauhamishwi kwa seramu bali kwa seli hai.

Mechnikov hakukosa kukosea. Uzeeni alisadiki kwamba uzee huletwa na sumu za bakteria waozeshao chakula katika utumbo mpana, akahimiza unywaji wa maziwa yaliyochachushwa ili kuwafukuza. Yeye mwenyewe aliyanywa kila siku. Nadharia yake ya uzee haikuthibitika, na kuna madaktari wapasuaji waliowakata wagonjwa utumbo mpana kwa msingi wa dhana kama hizo. Hata hivyo, fikra kwamba bakteria wa tumboni wanahusiana na afya inachunguzwa kwa bidii mpaka leo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka mwaka 1914, maabara ikabaki tupu na vijana wake wakaenda vitani. Moyo wa Mechnikov ulizidi kudhoofu. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 71, na majivu yake yakahifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.

Elimu ya leo imewapatanisha waliogombana. Makrofaji, seli kubwa ambazo Mechnikov ndiye aliyezipa jina, humeza kiini na kuzionyesha vipande vyake limfosaiti T. Limfosaiti T huzisaidia limfosaiti B kutengeneza kingamwili, na kingamwili nazo hurudi kukipaka kiini kingine alama ili makrofaji ikimeze. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wala kambi moja haikuwa na ukweli wote. Aliyeuchoma mwiba wa waridi katika buu la baharini alikuwa ameuona upande mmoja wa ukweli huo, na aliishi muda wa kutosha kuuona upande wa pili ukifunuliwa katika maabara yake mwenyewe.