Owain Glyndŵr na Vyuo Viwili

Nasomea ualimu, kwa hiyo kilichonivuta kwa Owain Glyndŵr si upanga wake bali vyuo vikuu viwili.

Jamaa hakuanza kama muasi. Alikuwa mwenye mashamba huko Wales, tena aliwahi kupigana katika jeshi la mfalme wa Uingereza. Ugomvi wa ardhi na jirani yake, Bwana Grey wa Ruthin, ndio uliomgeuza. Septemba 1400 wafuasi wake wakamtangaza Mwanamfalme wa Wales. 1404 akaitisha bunge Machynlleth. Mwaka 1406 akamwandikia barua mfalme wa Ufaransa: Wales iwe na kanisa lake na vyuo vikuu viwili, kaskazini na kusini.

Gharama? Miji iliteketea. Ngome ya Harlech ilianguka 1409, mkewe akatekwa na kufia London. Yeye akatoweka, kaburi lake halijulikani. Chuo cha Aberystwyth kilifunguliwa 1872.

Leo wanaobishana kuhusu uhuru wa Wales huhesabu kodi na bajeti. Sawa, hesabu lazima. Ila mimi ningeanza na swali lake: tukishakuwa huru, nani atatufundishia watoto, na wapi?