Kiziwi aliyepiga hesabu za roketi kabla ndege haijaruka
Mei 1903, miezi saba kabla ndege ya injini ya kina Wright haijapaa kule Marekani, jarida moja la Urusi lilichapisha hesabu za kumtoa binadamu duniani kwa roketi. Mwandishi wake hakuwa profesa wala nini. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga, tena kiziwi: Konstantin Tsiolkovsky.

Alizaliwa Septemba 17, 1857. Akiwa na miaka kama 10 aliugua homa kali, masikio yakaharibika na shule ikamshinda. Akawa anajisomea. Akiwa na miaka 16 baba yake akamtuma Moscow, lakini hakuingia chuo chochote. Alishinda maktaba, akila mkate mweusi na maji, maana vijisenti vya nyumbani viliishia kwenye vitabu na majaribio.

Hesabu yake inatumika hadi leo. Kasi ya roketi inategemea gesi inatoka nyuma kwa mwendo gani, na chombo kina uzito gani kikiwa na mafuta na yakiisha. Baruti aliiona haitoshi, akapendekeza haidrojeni na oksijeni za kimiminika. Hizo ndizo zilizokuja kusukuma sehemu za juu za Saturn V, roketi iliyopeleka watu mwezini.

Ila kwake roketi ilikuwa usafiri tu. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba Jua litazimika siku moja, na viumbe watakaokuwa wameng'ang'ania sayari moja watakwisha nalo. Ndiyo maana alichora makazi ya angani yenye bustani za kutoa chakula na hewa.

Mwaka 1933 akaenda mbali zaidi: kama wapo viumbe waliotutangulia kisayansi, mbona hawajaja? Jibu lake ni kwamba sisi bado wachanga, wanatuacha tukue kwanza. Enrico Fermi aliuliza swali kama hilo 1950, na fumbo likapewa jina la Fermi. Si haki sana, ukifikiria.

Huku chini maisha yalimpiga kweli. Mwanawe Ignaty alijiua 1902. Mafuriko ya Mto Oka yakaharibu karatasi zake 1908. Pensheni ya serikali alikuja kuipata 1921, akiwa mzee.

Alifariki Septemba 19, 1935. Sputnik, satelaiti ya kwanza, ilirushwa na nchi yake Oktoba 4, 1957, siku 17 tu baada ya kutimia miaka 100 tangu azaliwe.