Corradino D'Ascanio: mhandisi wa ndege aliyetuachia Vespa na bajaji

Ukipanda bajaji hapa Rhotia kwenda Karatu mjini, angalia mkono wa kushoto wa dereva. Anabadili gia kwa kuzungusha mpini wa usukani, si kwa mguu kama wa bodaboda. Mpangilio huo tunaufuatilia hadi kwa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa Italia.

Alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa Popoli, na ndoto yake ilikuwa helikopta. Oktoba 1930 helikopta yake iliweka rekodi za dunia mjini Roma: ilipanda mita 18, na ikakaa angani dakika 8 na sekunde 45. Leo tunaweza kucheka, lakini wakati ule hayo yalikuwa maajabu. Fedha zikakata. Mwaka 1932 akaajiriwa na kampuni ya Piaggio kutengeneza pangaboi za ndege.

Vita Kuu ya Pili ikaacha kiwanda cha Piaggio cha Pontedera kikiwa magofu. Enrico Piaggio akatafuta chombo cha bei nafuu, watu wapate usafiri na wafanyakazi wake wapate kazi. Cha kwanza kilichoundwa hakikumpendeza, ndipo akamwita D'Ascanio.

Sasa hapa ndipo tunapompenda mzee huyu: pikipiki alikuwa hazipendi kabisa! Cheni inachafua nguo, pancha ni mateso, na kupanda lazima urushe mguu. Basi akaondoa kila alichokichukia. Injini ya cc 98 akaiweka kwenye gurudumu la nyuma, cheni ikakosa kazi. Gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, lifunguke kirahisi. Mbele akaweka bati la kuzuia matope, katikati akaacha nafasi hata mwenye gauni apande bila taabu. Piaggio alipokiona akakifananisha na nyigu, kwa Kiitaliano vespa. Hataza iliombwa Aprili 1946.

Tuseme ukweli, kwa tope letu jekundu la masika vigurudumu vile vidogo vinahitaji dereva mvumilivu.

Mwaka 1948 ikafuata ya magurudumu matatu, Ape, yaani nyuki. Baadaye kampuni ya Bajaj ya India ikapata leseni ya Piaggio, na kwetu jina la kampuni likageuka jina la chombo.

D'Ascanio alirudi kwenye helikopta uzeeni, akiwa na kampuni ya Agusta. Alifariki Pisa, Agosti 1981, akiwa na miaka 90. Inasemekana ilimuuma hadi mwisho kwamba dunia ilimjua kwa skuta.