Goddard: Alikejeliwa hai, akatetewa akiwa kaburini

MWANAFIZIKIA Robert Goddard alizaliwa Oktoba 5, 1882 mjini Worcester, Marekani, akakua akiota kurusha chombo nje ya anga ya dunia.

Mwaka wa 1920, gazeti la New York Times lilimkejeli kana kwamba hajui yafundishwayo shule ya upili. Lilidai kuwa roketi haiwezi kwenda pasipo na hewa ya kuisukuma.

Kosa lilikuwa la gazeti. Isaac Newton alikuwa ameeleza tangu 1687 kwamba kila msukumo huzaa msukumo mwingine ulio sawa nao, uelekeao upande wa pili. Arukaye kutoka mtumbwini huurudisha mtumbwi nyuma. Bunduki irushapo risasi humsukuma mpigaji begani. Roketi nayo husukumwa na gesi inayoitema yenyewe.

Machi 16, 1926, huko Auburn, Goddard alirusha roketi ya kwanza duniani kutumia petroli na oksijeni ya majimaji. Ilipaa takriban mita 12 tu, kwa sekunde mbili unusu.

Aliaga dunia Agosti 10, 1945. Gazeti lilikiri kosa lake Julai 17, 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kuelekea mwezini.