Mzee wa Picha za Milima

Muhula uliopita tuliagizwa tuchore sura za watu mashuhuri za kupamba ukuta wa chama chetu. Wenzangu walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nilipata kwenye kitabu cha maktaba picha ya mzee mmoja mweusi wa Australia, nikaanza kumnakili. Pua na mdomo vilinitii. Macho yalinishinda kabisa, nikafuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka! Basi nikaona heri nimjue kwanza.

Jina lake ni Albert Namatjira. Alizaliwa mwaka wa 1902 katika misheni ya Hermannsburg, katikati ya Australia. Alikuwa wa kabila la Waarrernte, mojawapo ya makabila ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Alifanya useremala na kuendesha ngamia. Mwaka wa 1936 mchoraji Mzungu, Rex Battarbee, alitaka mtu wa kumwongoza jangwani. Namatjira alikubali, naye akafundishwa kuchora kwa rangi za maji. Walizunguka kama miezi miwili. Miwili tu, jamani! Mwaka wa 1938 alifanya maonyesho Melbourne na picha zote 41 zikanunuliwa. Milima ya kwao, ya zambarau, ikatundikwa katika sebule za watu wasiowahi kufika huko.

Fedha ziliingia, jamaa nao wakaja, maana kwao kugawana ni wajibu. Lakini alipoomba ardhi ya kufugia ng'ombe, alinyimwa. Mwaka wa 1951 alitaka kujenga nyumba mjini Alice Springs, akanyimwa tena, ikabidi aishi kambini nje ya mji. Sheria iliwaweka watu wake chini ya ulezi wa serikali, kama watoto. Ajabu ni kwamba mwaka wa 1954 alikutana na Malkia Elizabeth! Mwaka wa 1956 William Dargie alimchora akiwa ameshika picha yake mwenyewe ya milima, ikashinda tuzo mashuhuri ya Archibald. Kumbe ndiyo hiyo niliyokuwa nikiinakili. Yaani sura yake ilipata ukuta mjini, mwenyewe hakupata.

Mwaka wa 1957 yeye na mkewe Rubina walipewa uraia kamili, wakaruhusiwa kupiga kura na kununua pombe. Watoto wao hapana. Sasa utakunywaje peke yako huku ndugu yako anakutazama? Mwaka wa 1958 alishtakiwa kwa kumpa pombe jamaa yake, akahukumiwa, akatumikia takribani miezi miwili huko Papunya. Alitoka akiwa amevunjika moyo. Alifariki tarehe 8 Agosti 1959.

Mwaka wa 2020 kitukuu wake, Vincent Namatjira, alikuwa Mwaborijini wa kwanza kushinda tuzo ya Archibald. Alijichora pamoja na Adam Goodes, mchezaji maarufu wa kandanda ya Australia, ambaye pia ana asili ya wenyeji.

Nami nilichukua karatasi mpya. Macho bado hayajanipendeza, lakini safari hii sijayafuta.